Mkia wa Tangazo

Jumatatu, 3 Machi

Kiroboto,

Leo sina salamu. Mzee ameacha kusema.

Najua utaniambia Mzee aliacha kusema tangu kiharusi kilipomlaza upande wa kulia. Sisemi hivyo. Nasema ameacha kusema kwa ile kompyuta yako. Tangu jana ameigeuza inatazama ukuta, kwa mkono wake wa kushoto, peke yake, na nikiirudisha anaigeuza tena. Akitaka chai anagonga kikombe kwa kijiko. Akitaka dirisha lifungwe anagonga kikombe kwa kijiko. Leo asubuhi amegonga mpaka nikamletea chai, maji, blanketi na redio, kumbe alitaka nimwondolee paka miguuni.

Nilikuwa nimeshaizoea ile programu, mdogo wangu. Mtu katangaza treni stesheni maisha yake yote, kapotewa na ulimi, na sauti yake iliyobaki duniani ni matangazo yale yale ya stesheni uliyomrekodi. Nani angedhani yanatosha kuendeshea nyumba? Chakula kikichelewa anabonyeza, "Treni inachelewa kwa sababu zisizozuilika." Yule mama jirani akikaa mpaka jua linazama: "Wasindikizaji wote wanaombwa kushuka." Mama wa watu alicheka mpaka akashuka kweli. Akiniona navaa viatu asubuhi: "Angalieni nafasi kati ya treni na jukwaa." Hiyo ndiyo iliyokuwa kwaheri yetu. Kitufe kimoja tu hajawahi kukigusa, kile cha "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Unamjua baba yako.

Sasa kimya. Nimejiuliza ni nini kimebadilika, nikapata kitu kimoja: Jumamosi ulipiga simu. Nilimwekea sikioni, nikaenda zangu jikoni, niliporudi ilikuwa imekatika. Kesho yake ndiyo akaigeuza kompyuta. Ulimwambia nini? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unakata.

Dada yako


Jumatano, 5 Machi

Shikamoo dada,

Sikumwambia kitu. Nilimwambia shikamoo baba, nikangoja. Najua kompyuta huwa ubavuni mwake. Najua kitufe cha "Karibuni abiria" kiko juu kushoto, mimi ndiye niliyekiweka pale mkono wake unapofika kwanza. Nikasikia pumzi tu. Nikasema, baba, ukitaka kunitukana nitukane, lakini bonyeza kitu. Pumzi. Ndiyo, nilikata mimi. Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za ofisi, watu wanapita wanamwangalia mtu mzima anafuta macho kwa mkono wa shati.

Tangu nimtumie ile programu hajanibonyezea hata neno moja. Wewe anakuaga kila asubuhi, jirani anafukuzwa kwa heshima, hata paka nasikia ana tangazo lake. Mimi mwanawe, pumzi.

Na nitamlaumu nani? Mimi ndiye niliyekwenda stesheni na vifaa vya kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, nikamkalisha baba yangu kwenye kile kibanda chake cha kioo, nikamwambia soma hili, soma na hili, hebu rudia jukwaa la pili. Alidhani ni kumbukumbu ya kazi yake. Alivaa tai. Mashine ilipoanza kutangaza kwa sauti yake, yeye akapewa barua ya kupumzika, aliniita akaniambia, "Umeniuza, mwanangu. Hapa kwangu usikanyage." Sijakanyaga. Kiharusi kilipokuja, kitu pekee nilichoweza kufanya ni kumrudishia alichonipa. Nikazichukua zile sauti, nikazitengenezea programu ya vitufe, nikakutumia wewe umwekee.

Labda amechoka kusema kwa kitu kilichoibwa kwake. Ningekuwa yeye ningeigeuza ukutani siku ya kwanza.

Nimehama chumba tena. Kile cha mwanzo kilikuwa na kelele, hiki kina kimya ambacho kinanikera zaidi. Siku hizi nakula nimesimama.

Mdogo wako,
Kiroboto


Jumamosi, 8 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Kwa unavyorukaruka kutoka chumba hadi chumba, jina tulikupa sawasawa.

Kuhusu wizi na kuuzwa sina la kusema, hayo ni yako na baba yako. Mimi nasema hivi: asiyekuwapo na lake halipo. Watoto wa wenzetu hufukuzwa na baba zao wakarudi kesho yake na mkate mkononi kana kwamba hakuna kitu. Wewe ulifukuzwa mara moja tu ukatii. Tangu lini umekuwa mtoto mtiifu?

Nimejaribu njia zangu zote. Jana nilimkalisha vizuri, nikaigeuza kompyuta, nikamshika mkono nikaupeleka kwenye kile kipicha anachogusa kufungua vitufe vyake. Akaunyakua mkono kana kwamba nimempeleka kwenye pasi ya moto. Halafu machozi yakamtoka. Kiroboto, sijawahi kumwona baba akilia, hata siku tuliyomzika mama. Nikaizima nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Na hicho kipicha chenyewe, mbona umekibadilisha bila kuniambia? Kile cha kipaza sauti alikuwa anakijua hata bila miwani. Hiki cha kikapu chekundu ni cha nini? Mzee haendi sokoni.

Kazini wametubana. Kila mwenye duka anataka bango lake jana. Ilibidi niweke programu ya kazini humo humo kwenye kompyuta ya Mzee, tangu ile Jumamosi uliyopiga simu, ili nimalizie mabango hapa nyumbani akiwa amesinzia. Basi angalau kugoma kwake kumenipa nafasi ya kufanya kazi.

Njoo, au andika barua ambayo haina pumzi ndani.

Dada yako


Jumamosi, 8 Machi, alasiri

Dada,

Kikapu? Kikapu gani? Sijabadilisha kitu. Niko huku, nitakibadilishaje kipicha kilichoko huko?

Kaa chini kwanza. Mimi nimesimama, lakini wewe kaa.

Faili la Mzee linaitwa "Mzee.tangazo". Hayo yaliyo baada ya nukta ndiyo mkia. Ukiligusa faili, mfumo wa kompyuta hautazami ndani, unatazama mkia, kisha unauliza: mwenye mkia huu ni nani? Anayeitika ndiye anayepewa faili kulifungua, na anabandika na kipicha chake juu yake. Sisi waandishi wa programu ndio tunaoandikisha mikia. Kila programu inapoingia kwenye kompyuta inakuja na maelezo yake kwa mfumo: mimi ni fulani bin fulani, faili za mkia huu nimezibuni mimi, ni zangu. Au inasema: si zangu, ila nikiletewa najua kuzisoma. Mfumo unaandika. Kesho ukigusa, unamwita aliyejitaja kuwa mwenyewe.

Sasa sikia ujinga wangu. Mkia wa Mzee niliuchagua kwa dakika moja. Anasema matangazo, basi "tangazo". Maelezo mengine sikuyajaza. Penye jina kamili la aina ya faili niliacha wazi. Penye kuuliza mwenyewe ni nani, niliacha wazi. Nilijiambia hii ni kompyuta ya nyumbani, hayupo mwingine humu wa kugombania.

Na wewe unatengeneza nini kazini kwako? Matangazo! Ya sabuni, ya viatu, ya mitumba. Walioandika programu yenu nao walitafuta mkia wakaokota neno lile lile. Lugha yetu ndiyo iliyotuponza, dada: tangazo la treni na tangazo la sabuni ni neno moja. Ila wao walijaza kila kitu, wakajitaja wenyewe. Ya kwangu ilikuwapo kabla, lakini haikuwa na jina. Ya kwao ikaingia Jumamosi, mfumo ukaipa faili la baba.

Asiyekuwapo na lake halipo, umesema. Nimeisoma nikaona unaniambia mambo mawili kwa mpigo.

Tafadhali kiguse hicho kikapu uniambie unaona nini. Neno kwa neno. Mzee asikuone.

Kiroboto


Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu,

Nimengoja asinzie kibarazani. Nimekaa mbele ya kompyuta, nimekigusa kikapu, na safari hii nimesoma polepole.

Linatokea bango jekundu, kioo kizima. Nalijua, ni kiolezo cha kwanza cha programu yetu, nakifuta kila siku bila kukitazama. Katikati pana sanduku tupu limeandikwa "Weka picha ya bidhaa hapa". Juu, kwa herufi kubwa kuliko kichwa changu, "INAUZWA". Na chini, pale penye jina la bidhaa, programu yetu huwa inachukua jina la faili ikalijaza yenyewe.

INAUZWA. MZEE.

Ndicho alichokiona, Kiroboto. Wewe umepiga simu Jumamosi, Jumapili asubuhi amenyoosha mkono aseme sijui nini, labda alitaka kukujibu, kompyuta uliyompa ikamwambia anauzwa. Na aliwahi kukuambia mwenyewe neno lile lile. Unafikiri amefikiri nini? Amefikiri umemjibu.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikakaa sakafuni nikalia, mkono nimeuweka mdomoni asinisikie. Amekaa wiki nzima na neno hilo kifuani na hana ulimi wa kuniuliza, mwanangu, hivi ni kweli? Na mimi namletea blanketi.

Niambie la kufanya, hatua kwa hatua, maana mimi najua kupanga herufi tu. Na nijibu hili kwanza: zile sauti, nakala nyingine unayo? Nauliza tu.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Shikamoo dada,

Nakala ninayo, usiwe na wasiwasi. Faili liko palepale, limefunguliwa na asiye mwenyewe tu. Barua iliyopelekwa nyumba ya jirani haichaniki kwa hilo.

Aina ya faili la Mzee nimeisajili upya. Sikwenda kazini leo, nimewaambia naumwa, na si uongo. Mkia nimeubadilisha, sasa ni "mzee". Lakini mkia peke yake si kinga, hakuna ofisi duniani inayogawa mikia, kila mtu anajichukulia. Kinachomlinda mtu ni jina kamili. Hilo linaandikwa kuanzia ukoo kushuka: nyumba, halafu mtu, halafu kitu chake. Nimeandika "nyumbani.mzee.sauti". Mwingine mwenye jina hilo hatatokea labda atuzae upya.

Halafu nikafika penye swali la mwenyewe. Hapo watu huandika jina la kampuni, au mwandishi wa programu hujiandika yeye. Nilianza kuandika langu. Nikaondoka, nikazunguka mtaa, nikanunua ndizi nikazisahau kwenye kaunta, nikarudi. Nimemwandika Mzee. Mwenye aina hii ya faili ni yeye, amebuni yeye. Programu yangu nimeiandika kama inayojua kusoma tu.

Sasa fanya hivi. Weka programu mpya niliyokuambatishia. Badilisha jina la faili, baada ya nukta ufute "tangazo" uandike "mzee". Kompyuta itakuuliza kama una uhakika, sema ndiyo. Kipaza sauti kitarudi chenyewe mahali pa kikapu. Kiguse. Kisha umwite Mzee.

Au usimwite kwanza. Sijui. Wewe ndiye unayemjua.

Kiroboto


Jumanne, 11 Machi

Kiroboto,

Nimefanya kila ulichosema. Kikapu kimeondoka, kipaza sauti kimerudi, nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Nimekigusa. Vitufe vyote vimetokea, vikubwa, vizuri, na vyote ni vitupu. Hakuna maandishi. Nabonyeza, hakuna sauti. Nimebonyeza mpaka kucha ikauma.

Sasa nikuambie. Ile Jumapili ya kwanza Mzee alipoguna, nilikuja mbio na povu mikononi. Bango sikuliona, palikuwa na kisanduku kidogo juu yake: "Faili hili ni la muundo wa zamani. Libadilishwe?" Nikabonyeza "Ndiyo" kwa kiwiko, nikarudi jikoni, sufuria ilikuwa inafurika. Kumbe nilikuwa naipa programu ya kazini ruhusa iandike juu ya sauti ya baba yangu. Nimekuficha tangu juzi Jumapili. Uliposema nakala unayo nilishusha pumzi mpaka paka akashtuka.

Basi itume hiyo nakala. Leo, tafadhali. Mzee ameanza kukataa hata kugonga kijiko.

Dada yako


Jumatano, 12 Machi

Dada,

Sina nakala.

Zile sauti zilikuwa mali ya kampuni. Nilipoacha kazi pale nilirudisha mashine yao na kila kilichokuwamo. Nilitoka na zile za Mzee tu, kwenye kidude kidogo cha mfukoni, na nilipokwisha kukutumia wewe, kidude nacho kilinipotea katika kuhamahama. Nilisema ninayo ili usiogope. Nilijua faili liko salama, sikujua kuhusu kiwiko chako.

Sikulaumu. Kisanduku kinachouliza "Ndiyo" au "Hapana" na povu mikononi, hata mimi ningebonyeza. Mimi ndiye niliyeacha mlango bila jina.

Stesheni nimewapigia. Wameshabadilisha, sasa wanatumia sauti ya mwanamke ya kununuliwa. Za Mzee zilifutwa. Aliyenijibu alikuwa mchangamfu kabisa.

Mara ya kwanza nilimchukulia sauti nikaiuza. Ya pili nimempa nikaipoteza. Usimwambie bado.

Kiroboto


Alhamisi, 13 Machi

Wewe,

Nimeshamwambia. Mimi si wa kukaa na kitu kifuani, nyumba hii inao tayari mmoja anayefanya hivyo.

Nimeigeuza kompyuta, nikamwonyesha lile bango la kazini kwangu, nikamwambia, baba, hili ni langu. Si la mwanao. Nikamweleza habari ya mkia na neno moja lenye maana mbili. Nikamweleza kiwiko. Nikamwambia sauti imepotea na aliyeipoteza ni mimi. Halafu nikamsomea barua yako ile ya Jumatatu, pale unaposema umefika penye swali la mwenyewe ukazunguka mtaa ukasahau ndizi. Nikamsomea: mwenyewe, Mzee. Akanishika mkono nirudie. Nikarudia.

Akachukua kijiko. Hakugonga. Alikishika tu kama mtu aliyeshika kipaza sauti ambacho hakina umeme, mdomo unafunguka na kujifunga. Nimeona mambo katika maisha yangu lakini hilo sitalisahau.

Ana kitu anataka kusema, Kiroboto, na sasa ni kwako. Amenyoosha kidole kwenye jina lako mwisho wa barua. Na hana cha kusemea! Fikiri. Hicho kichwa kilichokuwa kinafungua redio za watu na kubakiza skrubu mbili mkononi, kifikirishe.

Dada


Ijumaa, 14 Machi

Dada! Begi!

Nimetoka ofisini mbio, wenzangu wanadhani nimefiwa. Nakuandikia kutoka kibanda cha simu na chapa, mwenye kibanda ananitazama vibaya kwa sababu siwezi kukaa kwenye kiti chake.

Nilipoisajili ile aina mara ya kwanza, kwa uvivu wote ule, kitu kimoja nilikitia tiki. Mfumo unauliza: faili za aina hii ni faili kweli, au ni kifurushi? Kifurushi kwa macho ni faili moja, unaligusa linafunguka, kumbe ndani ni begi limejaa mafaili. Nilitia tiki kwa sababu kila tangazo la Mzee lilikuwa sauti yake peke yake, sikutaka zikuzagalie mezani. Nikafunga zipu, nikasahau kwamba kuna zipu.

Programu yenu ya mabango haijui mambo ya zipu. Uliposema "Ndiyo" ilichofanya ni kubandika bango lake juu na kutupa ile karatasi ya ndani inayosema kitufe gani ni sauti gani. Ndiyo maana vitufe ni vitupu. Lakini nguo zenyewe, dada, sioni zingeenda wapi!

Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Chagua "Onyesha yaliyomo". Kama kuna kabati dogo limeandikwa "sauti", lifungue. Usibonyeze "Ndiyo" yoyote ile. Programu nimeirekebisha, sasa inasoma majina ya sauti zenyewe bila kuhitaji karatasi, nimeiambatisha hapa.

Nangoja hapa hapa. Nimemlipa mwenye kibanda akae yeye.

Kiroboto


Jumapili, 16 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuweka roho juu siku mbili na sikuombi msamaha, utaelewa kwa nini.

Zipo. Zote. Nilifungua lile kabati Ijumaa ile ile, nikagusa ya kwanza, chumba kizima kikasema, "Karibuni abiria." Kule kibarazani kikombe kikaanguka. Nilimkuta amejiinua nusu kutoka kitini, anatazama mlango wa chumba kama vile yeye mwenyewe ndiye anayekuja.

Nikaweka programu yako. Nilimletea mezani, nikaiondoa ile programu ya mabango ya kazini mbele ya macho yake, yote, isionekane tena. Kazini watajua wenyewe. Alikaa na vitufe vyake Jumamosi nzima. Alikuwa anabonyeza, anasikiliza, anatikisa kichwa, anafuta kwa mkono hewani kama mtu anayekosea kuandika. Nilidhani anajikumbusha. Jirani alikuja na hakufukuzwa. Jioni aliniita, kwa kitufe sasa, si kwa kijiko, akanionyesha kalamu. Akanielekeza kidole kwenye jina lako tena. Nikaelewa. Amebonyeza mimi nikaandika, kwa mpangilio wake, sijaongeza neno:

Abiria mnatangaziwa.

Treni iliyokuwa ikisubiriwa imechelewa kwa sababu zisizozuilika.

Abiria aliyeondoka bila mzigo wake anaombwa kurudi stesheni. Mzigo umehifadhiwa.

Chumba cha kusubiri kiko wazi.

Njia sasa ni salama.

Angalieni, angalieni, angalieni nafasi kati ya treni na jukwaa.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Tunaomba radhi kwa usumbufu.

Hapo aliniangalia kuona kama nimeandika zote tatu. Nimeandika. Kisha akaendelea kukibonyeza, Kiroboto, na mimi nikaweka kalamu chini kwa sababu nilikuwa sioni karatasi. Nyingine utakuja kuzisikia mwenyewe. Kitanda nimekitandika, na baba yako amekataa kwenda kulala, amekaa karibu na mlango na kompyuta mapajani. Kawia ufike.

Dada yako